Kinachobaki Gesi Ikiisha

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Tanzania, iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30 kabla ya kuwasha taa ya mtu. Ilipofika Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, kwa bomba la takriban kilomita 230 kutoka Kilwa, ilitukuta tukiishi katika nchi inayotazama mawingu ili ijue kama kesho kutakuwa na umeme. Haukupita muda mrefu. Mwaka 2006 mvua ziligoma, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, mgao ukaingia, na serikali ikahangaika kutafuta mitambo ya dharura. Sakata la mitambo ile, lililojulikana kwa jina la Richmond, ndilo lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 ukame ulirudi, na mgao ukarudi nao. Katika miaka hiyo yote mitambo ya gesi ilibeba mzigo mkubwa. Kinyozi aliyefanya kazi hadi saa tatu usiku, mama aliyeuza samaki bila kuogopa kuwa friji litazima, mgonjwa aliyepigwa eksirei siku ileile aliyofika hospitali: wengi wao walikuwa wakitumia gesi ya Kilwa bila kujua.

Naanza na shukrani kwa sababu sipendi namna mjadala wa nishati unavyoendeshwa siku hizi, ambapo anayetetea jua na upepo huona lazima aitukane gesi, na anayetetea gesi huwaona wenzake kuwa wasemaji wa watu wa nje. Gesi ilitufaa. Linalonishughulisha ni nini kitabaki mikononi mwetu siku itakapoisha, au siku tutakapoamua kuipumzisha, na kama safari hii tutajenga nishati inayoacha kitu nyumbani.

Safari yenyewe imekwisha kuanza, ingawa hatujaizungumza sana. Kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Tanzania ulitokana na gesi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa hilo uliingizwa kwenye gridi, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mkataba wa miaka 20 wa Songas, kampuni iliyofua umeme wa gesi pale Ubungo tangu mwanzo, ulifika mwisho mwaka huohuo wa 2024. Jambo kubwa kama hilo lilipita magazetini kwa siku chache, likasahaulika.

Kuna sababu moja ya kuhama ambayo siikubali, nayo ni ya kuhama kwa kuamriwa. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, nchi kadhaa tajiri ziliahidi kuacha kugharamia miradi ya mafuta na gesi nje ya mipaka yao. Haukupita hata mwaka. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na gesi ya Urusi ikaanza kuwa haba, Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, alikuwa Dakar mwezi Mei akizungumzia ushirikiano katika gesi ya Senegal. Mwafrika aliyeona mambo hayo mawili yakifuatana ana haki ya kukasirika. Ila hasira si sera. Madhara ya kuchelewa yanatupata sisi: mvua zinazokuja kwa fujo, ukame unaofuata, mkulima wa Rufiji ambaye shamba lake lilifunikwa na mafuriko ya Aprili 2024. Kuchoma gesi kunatoa takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe kwa umeme uleule, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini nafuu hiyo huliwa kila methani inapovuja njiani. Tuhame kwa hesabu zetu wenyewe. Na hesabu ninayotaka tuipige ni ile ya ujuzi.

Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka. Watu walisema gesi ya mkoa wao haitoki, na serikali ikasema gesi ni ya taifa zima, itakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Watu walipoteza maisha, majengo yakachomwa, jeshi likaingia mjini. Bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lilijengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa Oktoba 2015. Kwa sheria serikali ilikuwa sahihi; mali ya chini ya ardhi ni ya wote. Lakini nikifikiri juu ya madai ya watu wa Mtwara, naona walikuwa wakiuliza jambo ambalo halijajibiwa vizuri hadi leo: kijana wa Msimbati, kijiji kilicho jirani na visima, atajifunza nini kutokana na gesi hii? Gesi ya asili ina tabia yake. Mtaalamu wa kuchimba huja na mtambo wake wa kukodi, au na meli yake ikiwa ni baharini, hufanya kazi yake, kisha huondoka na meli. Kinachobaki ni kisima, bomba na walinzi. Sitaki kuwa mkali kupita kiasi: shirika letu la mafuta, TPDC, leo lina wahandisi wazuri, na bomba lile linaendeshwa na Watanzania. Lakini kwa miaka 20 ya kuchoma gesi, watu waliofundishwa ni wachache mno ukilinganisha na fedha iliyopita.

Kenya haikuwa na Songo Songo yake. Ilikuwa na Bonde la Ufa, na chini ya bonde hilo kulikuwa na joto. Kutafuta mvuke Olkaria, karibu na Naivasha, kulianza mwaka 1956. Visima viwili vya mwanzo vilichimbwa, joto likapatikana, lakini mvuke wa kufua umeme haukutoka. Kazi ikasimama. Miaka ya 1970 wakarudi, safari hii kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wakachimba tena, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawashwa. Ulikuwa wa megawati 15. Robo karne ya kutafuta, kwa megawati 15! Mhasibu yeyote mwenye haraka angeufunga mradi ule mara tatu kabla haujazaa. Leo jotoardhi inatoa takriban asilimia 40 ya umeme wote wa Kenya, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

Ukiingia Olkaria kwa njia ya hifadhi ya Hell's Gate, mabomba ndiyo yanayokupokea. Ni mabomba manene yaliyovikwa bati linalong'aa, yanayokatiza mabonde na vichaka, na kila baada ya umbali fulani yanapinda kwenda juu, yanalala kidogo, kisha yanashuka tena, kama fremu ya mlango uliosimamishwa porini. Mpindo ule unalipa bomba nafasi ya kutanuka mvuke wa moto unapopita. Na pale ulipoinuliwa vya kutosha, twiga hupita chini yake bila kuinamisha shingo. Harufu ya salfa iko hewani. Kwenye kisima kinachojaribiwa mngurumo unausikia kifuani kabla ya masikioni. Kisima kinaweza kuteremka hadi kilomita tatu, na kinachotoka ni mchanganyiko wa mvuke na maji ya moto. Vinatenganishwa, mvuke unakwenda kuzungusha mitambo, na maji hurudishwa ardhini ili hazina isikauke. Kazi yote hiyo, kuanzia mwanajiolojia anayeonyesha mahali pa kuchimba hadi fundi anayekaza vali, inafanywa kwa sehemu kubwa na Wakenya.

Haikutokea kwa bahati. Baada ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kuanzisha mafunzo ya jotoardhi mjini Reykjavik mwaka 1979, Kenya ilianza kupeleka watu, ikaendelea kupeleka bila kuchoka, hadi ikawa nchi yenye wahitimu wengi kuliko nyingine yoyote. Waliorudi wakawafundisha wengine. KenGen, kampuni ya kufua umeme ya Kenya, ikanunua mitambo yake ya kuchimba badala ya kukodi kila mara. Na watu wakishajua kazi, wanaanza kuwa na mawazo. Zamani kisima kilichochimbwa kilikaa miaka kikisubiri visima vingine vitimie ili kituo kikubwa kijengwe. Mvuke upo, fedha imezama, umeme hakuna. KenGen ikafunga mitambo midogo palepale juu ya kisima, umeme ukaanza kwenda kwenye gridi wakati kituo kikubwa bado kiko kwenye michoro. Jirani yao, shamba la maua la Oserian, likachukua joto la kisima likapasha mabanda ya waridi usiku wa baridi. Baadaye KenGen ikapata kandarasi za kuchimba Ethiopia na Djibouti. Nchi iliyochimba visima viwili visivyofaa miaka ya 1950 sasa inalipwa kuwachimbia wengine.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kenya iliinama muda mrefu sana. Ninapofikiri juu ya kusaidia ubunifu wa nishati safi katika kanda yetu, ndicho kitu ninachokiona kwanza: serikali iliyokubali kulipia kushindwa. Mwaka 2008 Kenya iliunda shirika lingine, la GDC, mahususi kwa kubeba hasara ya visima vitakavyotoka vikavu, ili mwekezaji akute mvuke upo tayari. Uchimbaji wa Menengai, karibu na Nakuru, ulianza mwaka 2011, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Miaka kumi na miwili. Najua kuna waliolaani ucheleweshaji huo, na sehemu yake ilistahili kulaaniwa. Lakini sehemu nyingine ndiyo ada ya shule.

Ila Olkaria ina upande mwingine ambao siwezi kuupita. Kupanua kituo cha Olkaria IV kulihamisha jamii za Wamasai, na mwaka 2014 walihamia kijiji kipya ambako malalamiko ya barabara, maji na hatimiliki ya ardhi yalifika hadi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimegharamia mradi. Ilibidi upatanishi ufanyike. Kule Marsabit, mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana yana mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, fahari ya kweli ya uhandisi. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, ikasubiri njia ya kusafirisha umeme hadi mwaka uliofuata. Na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba ardhi ya mradi ilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Upepo hauna moshi, lakini unaweza kumdhulumu mfugaji sawasawa na bomba. Kwangu, dhuluma ya Marsabit haipungui uzito kwa kuwa umeme wake ni safi. Tukiacha gesi na kubaki na tabia ileile ya kumkuta mwenyeji akiwa amelala na kumwamsha kwa tingatinga, hatujahama.

Sasa nirudi kusini mwa Tanzania, kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, pengine kwa sababu haujulikani sana. Kwenye Mto Ruvuma, mkoani Ruvuma, kuna kituo cha Tulila, cha megawati 5, kilichoanza kazi mwaka 2015. Mmiliki wake ni Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Wakati huo Songea ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya taifa. Mji uliendeshwa na jenereta za dizeli, dizeli iliyosafirishwa kwa malori umbali mrefu na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Masista wakajenga banio, wakafua umeme, wakaliuzia shirika la umeme la TANESCO. Hebu tafakari hilo. Watawa walioweka nadhiri ya ufukara waliliuzia shirika la taifa umeme, wakapunguza dizeli iliyochomwa mjini, na fedha ikarudi kwenye shule na hospitali zao. Ludewa nako, kijiji cha Mawengi na jirani zake wana mtambo mdogo wa maji unaoendeshwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe. Mtu anayesafisha majani kwenye chujio la mfereji asubuhi ndiye jirani wa anayesaga mahindi mchana. Mashine ikizima hawapigi simu makao makuu. Wanatembea hadi mtoni.

Miradi ya namna hii tunaisifu kwenye hotuba na kuiacha peke yake kwenye bajeti. Chukua suala la bei. Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, Ukara kwa mfano, kampuni ndogo za sola zilifika kabla ya gridi, zikauza umeme kwa bei iliyokuwa mara nyingi ya ile anayolipa mtu wa Dar es Salaam. Mwaka 2020 serikali ikaagiza bei ishuke ilingane na ya TANESCO vijijini. Agizo lile lina haki ndani yake. Kwa nini mvuvi maskini alipie uniti ghali kuliko mwenye kiyoyozi cha Masaki? Lakini gharama ya betri na paneli haishuki kwa agizo, na kampuni isiyorudisha gharama haifungi mtambo mwingine kisiwa cha pili. Mitambo mikubwa ya gesi na mafuta tuliitendea tofauti kabisa: mikataba yake ilikuwa na malipo ya uwezo, kampuni inalipwa kwa kuwa tayari, iwe imefua umeme au haikufua. Kampuni moja kati ya hizo, IPTL, tuliilipa hivyo miaka mingi, hata mitambo yake ilipokuwa imekaa kimya. Tuliweza kumbebea mkubwa hasara yake. Mdogo wa Ukara tukamwambia ajibebee mwenyewe. Haki ya mvuvi na uhai wa mbunifu vingeweza kulindwa pamoja kama hazina ya umma ingelipa tofauti ile, uniti kwa uniti, kwa miaka michache.

Na kuna suala la kanda. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alisema Tanzania itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafiri kutoka kusini hadi Kilimanjaro na Arusha unapotea njiani. Mitaani na mitandaoni watu walishangaa: tuna bwawa jipya, vipi tununue? Mimi niliona ni uamuzi wa watu wazima. Ethiopia ina mvua zake kubwa kati ya Juni na Septemba, wakati kusini mwa Tanzania ni kiangazi. Sisi mvua zetu za bonde la Rufiji zinakuja kati ya Novemba na Aprili. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu usiku, jua la Shinyanga liko mchana, mvuke wa Olkaria hauna saa. Njia ya umeme ya Ethiopia na Kenya inafanya kazi tangu mwaka 2022, na ile ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida imetuunganisha na Kenya. Nyaya zipo. Mwaka mmoja wa ukame mkali utakapokuja, na utakuja, jirani mwenye maji au mvuke atatufaa kuliko mtambo wa gesi uliokodishwa kwa dharura usiku wa manane.

Hilo linadai kuaminiana, na hapo ndipo penye ugumu. Tumewahi kugombana na Kenya kwa mahindi, kwa vifaranga, kwa ndege. Kutegemea swichi iliyo mikononi mwa mwingine kunatisha. Hata hivyo gesi haikutuepusha na utegemezi. Ilitufanya tutegemee mikopo, vipuri na mikataba iliyoandikwa kwa lugha ambayo wabunge wetu wengi hawakuisoma. Kati ya kumtegemea jirani anayetutegemea pia, na kumtegemea mwenye mkataba asiyetujua, nachagua jirani.

Umeme ukiweza kuvuka mpaka wa Namanga, ujuzi nao uvuke. Tanzania ina joto lake chini ya ardhi ya Mbeya, pale Ngozi na Kiejo-Mbaka, na tangu mwaka 2013 tuna kampuni ya umma ya kuliendeleza, TGDC. Kuna wahandisi wa Kinyakyusa wanaojua milima ile kwa majina ya babu zao. Wapelekwe Naivasha wakae miezi, wachimbe na Wakenya, wapakwe matope yaleyale. Iceland ni mwalimu mwema, lakini Naivasha iko umbali wa siku moja na nusu kwa basi, na mwalimu wa hapo anajua jinsi mtambo unavyoharibika katika vumbi letu, na jinsi kipuri kinavyokwama bandarini Mombasa.

Fedha ya kufanya hivyo siioni kuwa ndoto. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, ikaanzisha mfuko wake. Mazungumzo ya mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi yamejikokota miaka na miaka. Siku yatakapozaa kitu, kila wizara itanyoosha mkono. Ningependa sehemu ya fedha ya gesi, hata ile ndogo inayoingia leo, itengwe kwa kazi ambayo hakuna benki itakayoikopesha: kuchimba Ngozi bila uhakika, kulipa tofauti ya bei Ukara, kumpa kijana wa Msimbati na mwenzake wa Ludewa nafasi ya kujifunza ufundi wa turbini kwa vitendo. Na kisima cha kwanza kikitoka kikavu, mhandisi aliyekichimba asiitwe Dodoma kujieleza kana kwamba ameiba. Apewe cha pili.